Nilijua kucheza, kufundisha sikujua

Mwaka 2019 pale kiwanjani kwetu Mbagala kuna binti wa miaka 13 aliniuliza swali moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka afu naona aibu. Nilikua nawaonyesha namna ya kupokea mpira ukiwa umempa mgongo mpinzani, nikasema ngoja nianze mimi muone, nikapokea, nikageukia kushoto, yule beki aliyekua nyuma yangu akabaki anakaba upepo na wenzake wakashangilia. Basi kale kabinti kakaniuliza, "kocha, umejuaje kama yuko upande ule?"

Nikafungua mdomo nijibu. Hamna kitu. Nikasema tu "unahisi". Akaniangalia kwa yale macho ya mtoto anayejua kabisa mkubwa hapa hana jibu, akaitikia "sawa kocha", akarudi kwenye mstari.

Mimi namba sita, yule kiungo anayekaa mbele ya mabeki, nimecheza zaidi ya miaka kumi, mtaani wengine walikua hawanijui jina, wananiita Sita. Kugeuka na mtu mgongoni ndo ilikua kazi yangu, ndo ilinipa jezi, ndo ilinifanya niitwe kucheza mechi za ndondo na timu za watu. Na siku naulizwa nimejuaje, sijui. Nilivorudi nyumbani nikakaa kitandani nikajiambia kumbe huku ni kazi nyingine kabisa na mimi nimeingia nikidhani ni ileile.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mpira nimeanza na chandimu, wavulana wa mtaani na mimi, mipira ya makaratasi na mifuko iliyofungwa kwa kamba. Shule wasichana tulikua tunapangiwa netiboli bila kuulizwa, ukisema unataka mpira wa miguu mwalimu wa michezo anakuangalia kama umemtukana, kwa hiyo mimi netiboli nilicheza na mpira wa miguu nikaucheza kwa kuiba. Mama alikua anakagua miguu jioni. Ukiwa na mchubuko mpya kwenye ugoko unaeleza umeutoa wapi, na mimi nilishaanguka kwenye ngazi mara nyingi sana wakati nyumba yetu haina ngazi.

2010 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wanaenda Afrika Kusini kwenye fainali za Afrika za wanawake, chini ya mwalimu Charles Boniface Mkwasa, mimi nina miaka 19. Walipoteza mechi zote tatu, wenyeji Afrika Kusini, Mali na Nigeria, na watu wa mtaani wakacheka sana, lakini sisi tuliokua tunacheza tulikua hatucheki maana tulikua tunajua hao dada wametoka kwenye mazingira gani. Ligi ya wanawake ya nchi nzima ilikua haipo. Sikilizeni vizuri, timu ya taifa ipo fainali za Afrika na ligi haipo. Ulikua unacheza bonanza, unacheza mechi za mkoa ukibahatika, unakaa miezi mitatu unakimbia mwenyewe barabarani unasubiri mtu akwambie kuna mechi Jumapili.

Ligi kuu ya wanawake imekuja kuanza 2016, msimu ule wa kwanza Mlandizi Queens wakabeba. Mimi nina miaka 25. Kwa mpira wa wanaume huo ndo umri mtamu, ila kwetu sisi tulioanza bila mazoezi ya maana, bila daktari wa timu, bila kula vizuri, 25 goti lilishaanza kuongea asubuhi. Huwa nasema ligi ilinikuta kituoni nimeshachoka kusubiri. Siweki kinyongo, naeleza tu. Wapo wenzangu walionizidi mbali kwa uwezo ambao ligi haikuwakuta kabisa, wengine wana watoto wanne sa hivi, na ukiwaona sokoni huwezi kujua huyu mama alikua akipiga kona mpira unageuka kama una akili zake.

Nikacheza misimu miwili. Posho ilikua inakuja ikijisikia. Ila siku ya kwanza kucheza mechi ya ligi pale uwanja wa Karume kwenye nyasi bandia, refa wa kweli, namba mgongoni zimechapwa sio za kushona, jamani mimi nililia kwenye korido ya kutokea na sikutaka mtu anione, nikajifanya nafunga kamba za njumu.

Goti likaja kuondoka 2018, mechi ya mkoani, uwanja una mashimo. Na hakuna aliyenigusa! Hilo ndo watu hawaelewi. Nilikua nakimbia nikataka kukata kurudi kulia, njumu ikabaki chini mwili ukaenda, nikasikia "ko" ndani ya goti kama mtu kavunja kijiti kikavu. Nikainuka. Nikatembea hatua nne tano nikasema hamna shida, hatua ya sita goti likakatika kama halina mwenyewe. Hospitali ya kwanza nikaambiwa ni mshtuko wa misuli, nikapewa dawa za maumivu na bandeji. Nikakaa miezi mitatu nachuliwa na mzee mmoja wa mafuta ya nazi na karafuu, mzee mzuri wa watu lakini ligamenti iliyochanika haiungwi na karafuu. Kuja kupigwa picha ya maana ndo tunaambiwa ile ligamenti ya mbele ya goti imeenda yote. Operesheni hela hamna, timu hela haina, na viongozi simu zikaanza kuita bila kupokelewa. Mwisho wa habari, daluga likatundikwa. Hakuna mechi ya kuagwa wala maua. Nilimpa mdogo wangu zile njumu akaziuza bila kuniambia na mimi sikumuuliza.

Nakaa sana hapa kwenye goti kwa sababu baadae nilikuja kujua mambo mawili yaliyoniuma kuliko goti lenyewe. La kwanza, kwamba wanawake tunachanika hiyo ligamenti mara mbili na zaidi ya wanaume kwenye mchezo huuhuu, na wengi wetu inatokea vilevile kama mimi, bila kuguswa, kwenye kukata kona au kutua baada ya kuruka. La pili, kwamba dawa ya kupunguza ipo na haina gharama. FIFA wana programu ya kupasha mwili inaitwa 11+, mazoezi 15, inachukua kama dakika 20, unaanza na kukimbia taratibu, unakuja kwenye nguvu na kuruka na kusimama mguu mmoja, unamaliza na kukimbia kasi na kukata. Huhitaji mashine wala gym. Unahitaji mpira na sehemu ya kusimama. Ilishafanyiwa utafiti Norway kwa mabinti wa umri huu ninaofundisha mimi, matokeo yakatoka tangu 2008 kwamba majeraha yanapungua kweli. 2008! Mimi nilikua na miaka 17 nazunguka uwanja mara kumi, afu tunanyoosha mguu mmoja mmoja tukihesabu moja mpaka kumi kwa sauti, tunaita hiyo wamapu.

Kwa hiyo mabinti zangu wakinuna kwamba "kocha leo tuanze na mpira moja kwa moja", nawaonyesha goti langu. Nasema njoo ushike hapa. Wanashika, nakunja na kukunjua, linasaga ndani kama mchanga, wanapiga kelele wanakimbia, afu wanaenda kusimama kwenye mstari wao bila kubishana. Na ninawaangalia wakitua. Ukitua magoti yakagongana kwa ndani unarudia. Wananiita kocha wa magoti, sawa tu.

Ukocha wenyewe sikuutafuta. Nilikua nauza chipsi na dada yangu, kuna kaka mmoja wa mtaani ana kituo cha watoto wa kiume akaniambia Sita kuna mabinti kama tisa wanakuja kukaa pembeni kila siku, mimi sijui niwafanye nini, njoo uwasaidie. Nikaenda na kanga kiunoni na ndala. Nikawa kocha siku hiyohiyo, yaani ukocha wa kibongo ulivyo, ukiwa na filimbi wewe ni mwalimu.

Na nikafundisha kama nilivofundishwa. Hapo ndo kuna jambo ambalo sipendi kulisimulia ila nikiliacha nitakua nimesema uongo.

Mimi makocha wangu wote walikua wanaume na wote walikua wa kufoka. Ukikosea unatukanwa mbele ya watu, ukikosea tena unatolewa, na sisi tuliozoea tulikua tunaona ndo mpira ulivyo, tena ukimkuta kocha mpole mnamuona hajui. Nikabeba vilevile. Kulikua na binti mmoja, winga, mguu wa kushoto ule ambao unapata mmoja kwenye mabinti mia, akaanza kuchelewa mazoezi na akifika anacheza kama mtu yuko mbali. Siku moja nikasimamisha mazoezi nikamwambia mbele ya wote, "kama unakuja kulala bora ubaki kwenu, hapa sio gesti". Wenzake wakacheka. Na yeye akacheka. Akamaliza mazoezi, akavua bibu akaikunja vizuri akaiweka juu ya mpira, sio kuitupa kama wanavofanya wengine. Hakurudi.

Baada ya wiki mbili ndo nikaenda kwao. Mama yake akanipa kigoda, akaniambia mwanangu anaamka saa tisa usiku tunakaanga vitumbua, saa kumi na mbili anaenda kuvipeleka kwenye vibanda, ndo anaenda shule, ndo anakuja kwako. Hakusema kwa ubaya, alikua ananieleza tu huku anachambua mchele. Binti yuko ndani, nikaomba niongee nae, akatoka, "shikamoo kocha", nikamwomba radhi. Mtu mzima kumwomba radhi mtoto wa miaka 15 kwetu sisi sio jambo dogo, na mimi nilidhani ukubwa wa tendo lenyewe utatosha. Akasema "yameisha kocha". Na hakurudi vilevile. Nasikia anacheza netiboli. Kila nikiona mguu wa kushoto kwenye TV namkumbuka.

Basi tangu siku hiyo nina daftari. Kila binti ana ukurasa wake, anaishi na nani, anarudi nyumbani kwa njia ipi, asubuhi anafanya nini, mama yake anataka awe amefika saa ngapi. Kuna mama anataka kabla ya magharibi na mimi nilikua namuona mkorofi, kumbe ile njia ya kwao ina kichochoro na vijana wanakaa pale. Tukabadilisha ratiba mabinti wa upande ule wanaondoka pamoja. Tatizo likaisha kwa dakika tano tu za kuongea na mama mtu, ambazo mimi nilikua sijawahi kuzitoa mwaka mzima.

Na daftari lina mambo ya siku zao pia. Mimi enzi zangu tulikua tunaficha, unamwambia kocha tumbo linauma na yeye anajibu kimbia litapona. Sa hivi pedi ziko kwenye begi la vifaa, pamoja na pampu na koni, anayehitaji anachukua, haombi. Kuna mdau alitununulia jezi nzuri kabisa na bukta nyeupe, nikampigia simu nikamshukuru sana nikamwomba zile bukta tubadilishe tupate nyeusi. Hakuelewa. Nikamwambia kaka, hata timu ya wanawake ya Uingereza ilishaacha bukta nyeupe, kombe la dunia 2023 walivaa za bluu, na wale wana kila kitu. Akakaa kimya kidogo afu akasema "aaah", akabadilisha.

Turudi kwenye lile swali. Mwaka 2020 nikaenda kozi ya mwanzo kabisa ya ukocha, darasani tulikua wanawake wawili, waliobaki wanaume na wengine nilikua nacheza nao chandimu. Siku ya vitendo mkufunzi akasema kila mtu aandike mpango wa mazoezi, kitu kimoja tu unachotaka wachezaji wajue ukimaliza. Mimi nikaandika vitu saba. Akanirudishia karatasi kakata sita. Nikabaki na kimoja, "kupokea mpira ukiwa na mtu nyuma". Akaniuliza hatua ya kwanza ni nini? Nikasema kupokea. Akasema hapana. Nikasema kugusa kwanza vizuri. Hapana. Nikakasirika moyoni, nikasema huyu hajacheza namba sita hata siku moja.

Usiku nikatafuta kwenye simu video ya mechi yangu ya zamani, mtu alirekodi akiwa juu ya ukuta, picha inatikisika mwanzo mwisho. Nikajiangalia mimi, sio mpira. Na nikaona. Mpira ukiwa bado haujanifikia, uko kwa beki wangu, kichwa changu kinageuka kulia, kushoto, kulia tena, haraka haraka kama kuku anavuka barabara. Mara tatu mara nne. Sikuwa nahisi kitu, nilikua naangalia! Miaka yote hiyo nilikua naangalia na mwenyewe sijui kama naangalia. Nani alinifundisha? Hakuna. Labda ile chandimu ya kucheza na wavulana wakubwa, ukipokea bila kuangalia nyuma unapigwa kikumbo unaingia mtaroni, kwa hiyo shingo ikajifunza yenyewe.

Nikarudi Mbagala nikamtafuta yule binti wa swali. Nikamsimamisha katikati, mwenzake nyuma yake anainua vidole, mimi nampasia kutoka mbele, sheria ni moja tu, kabla mpira haujagusa mguu wako taja vidole vingapi. Wiki ya kwanza vurugu tupu, wanataja vidole mpira unapita katikati ya miguu, au wanasimamisha mpira vizuri afu wanataja namba ya kubuni. Wanabuni kweli, watoto hawa! Wiki ya tatu shingo zikaanza kucheza. Sa hivi ukipita kwenye mazoezi yetu utadhani tunatafuta mtu aliyepotea, vichwa vyote vinazunguka.

Oktoba 2022 Serengeti Girls, mabinti wetu wa timu ya taifa, walivokua India kwenye kombe la dunia la chini ya miaka 17 tulikaa wote kibandani kwa muuza kahawa kuangalia. Wamepigwa na Japani 4-0 mechi ya kwanza na wanaume wa pale kibandani wakaanza maneno yao ya 2010, haya kumbe yaleyale. Mechi ya pili wakamfunga Ufaransa 2-1. Ufaransa! Wakatoka sare na Canada wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia, sawa. Nilichokua naangalia mimi ni mabinti zangu wanavoangalia. Zamani wangeshangilia goli tu. Siku ile kuna mmoja ananivuta mkono, "kocha umeona yule kaangalia mara mbili kabla ya kupokea". Muuza kahawa akamwambia we mtoto nyamaza tunaangalia mpira. Nikasema moyoni kaka wewe ndo huuangalii.

Na 2023 klabu ya JKT Queens wanaenda Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake kule Ivory Coast kocha wao ni Esther Chabruma, ambaye sisi tunamjua kama mchezaji wa Twiga Stars. Sijawahi kuongea nae. Ila nilikata picha yake kwenye gazeti nikaibandika kwenye jalada la daftari, maana mimi enzi zangu kama ningeambiwa nimchore kocha ningechora mwanaume mwenye kitambi na filimbi. Na mwaka jana, Julai 2025, Twiga Stars wamerudi fainali za Afrika kule Morocco baada ya miaka 15, wakatoa sare 1-1 na Afrika Kusini ambao ndo walikua wanashikilia kombe. Pointi moja. Watu wakaniuliza unalia nini kwa sare. Ningewaelezaje.

Siwezi kusema nimeshakua kocha mzuri. Bado nafoka. Zamani nilikua namfokea mtu, siku hizi nafokea kosa, na kuna siku nasahau tofauti. Bado nina wivu, nakiri, kuna siku naona binti ana nyasi, ana njumu zake mwenyewe, ana ligi inayomsubiri na anacheza kivivu, natamani niingie nimpokonye miguu. Na kitu kigumu kuliko vyote ni kukaa pembeni mchezo unaharibika na wewe dawa yake unaijua, iko kwenye miguu yako, na miguu yako haichezi tena.

Mwezi uliopita tulikua na mechi, ngumu, 0-0 mpaka dakika za mwisho. Yule binti wa swali sa hivi yupo mwishoni mwa miaka 19, anacheza sita, namba yangu. Mpira unatoka kwa beki unakuja kwake, nikaona kichwa, kulia, kushoto, nikasema moyoni safi. Akapokea, akageuka, akanyang'anywa, wakaenda wakafunga. Filimbi, 1-0, mechi imeisha. Nikamfuata, amekaa chini anang'oa majani. Nikakaa nae, goti likalia, nikamuuliza, "uliangalia?"

"Niliangalia kocha."

"Uliona wangapi?"

"Wawili."

"Sasa kama uliona wawili ukageuka kwa nini?"

Akafikiria kidogo. "Nilidhani mmoja ataogopa."